Tutafunga Kanisa Zima

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na minne. Najua inavyosikika. Kwetu Singida mtu anayestaafu huwa na mvi, hupewa mabati au baiskeli, na wakubwa wake husimama kusema uongo mzuri juu yake. Mimi nilipewa kadi iliyosainiwa na ofisi nzima, pamoja na barua ya daktari wa masikio inayosema nisipande tena ngazi ndefu kuliko ile ya kubadilishia balbu. Kuna hitilafu ndani ya sikio langu la kushoto, mahali panapomwambia mtu juu ni wapi na chini ni wapi. Mtu mwenye sikio la namna hiyo hawezi kutembea juu ya mapaa ya makanisa ya zamani. Nilibishana na daktari, kama ninavyobishana na kila mtu, nikashindwa.

Ninawaandikia vijana mnaoingia kwenye kazi ya kukarabati majengo ya zamani hapa Birmingham, hasa nyinyi mnaosoma Kiswahili. Mko wachache, nadhani mnatosha kwenye meza moja ya chai. Miongozo ya Kiingereza ipo tele, na mingine nilisaidia kuiandika. Humu nimeweka yale ambayo hayakupata nafasi kwenye miongozo.

Siku yangu ya kwanza nilipelekwa Ladywood, kwenye kanisa dogo la matofali lililobanwa na maghorofa. Nilikuwa na shahada, viatu vipya vya kazi, na hofu ambayo niliificha kwa kuuliza maswali. Chuoni nilisoma chuma na zege. Mbao hatukuzigusa, maana wahadhiri wetu waliona mbao ni jambo la mababu. Sasa nikasimama gizani juu ya dari, tochi mkononi, mbele ya kenchi za mbao, zile pembetatu kubwa zilizobeba paa lile tangu enzi ya Malkia Victoria, na nilichojua juu yake ni jina tu.

Fundi seremala aliyepewa kazi ya kunizoesha aliitwa Desmond. Alizaliwa Lozells, wazazi wake walitoka Jamaika, na alikuwa ametengeneza mapaa ya mji huu karibu maisha yake yote. Aliniangalia viatu kabla ya kuniangalia uso. Akaniuliza kwa Kiingereza chake cha Birmingham, kile kinachoimba kuelekea chini, kama nimekuja kazini au harusini. Kisha akanipa chuma chembamba chenye ncha, akaniambia nichome kila boriti mahali inapoingia ukutani, kwa sababu hapo ndipo maji huanzia. Nikamuuliza anajuaje kwamba ni hapo. Akasema atanijibu nikimaliza kuchoma. Kuanzia siku hiyo aliniita Profesa, na halikuwa jina la heshima.

Zana zetu hazikuwa nyingi. Tochi, patasi, timazi, nyundo ambayo Desmond aliitumia kwa upande wa mpini, akigonga na kusikiliza. Mimi nilikuwa na keekee ya umeme yenye sindano nyembamba, ambayo hupenya kwenye mbao na kuchora kwenye karatasi jinsi mbao inavyoipinga. Mbao nzima huchora milima. Mbao iliyooza huchora bonde. Tuligombana kwa miaka juu ya njia ipi ni bora. Kuna boriti aliyogonga akasema ni nzima, mchoro wangu ukaonyesha bonde, tukapasua na kukuta uwazi unaotosha kuingiza ngumi. Kuna nyingine mashine yangu ilisema imekufa, yeye akakataa nisiikate, na alikuwa sahihi, sindano ilikuwa imepita kwenye ufa tu. Mwishowe tulikubaliana kwamba kila mmoja atamkagua mwenzake na hakuna atakayeona haya. Nawashauri mfanye hivyo. Mtu anayefanya kazi hii bila mtu wa kumpinga ni hatari kwa wanaokaa chini.

Kilichonishika kwenye kazi ni wale waliojenga. Mafundi wa wakati ule walitumia msonobari uliosafirishwa kutoka kusini mwa Marekani, mwekundu, mzito kwa utomvu. Ukiukata leo bado unanukia kama umekatwa jana. Kenchi nzima waliiunganisha kwanza uwanjani, chini. Kila kiungo wakakichonga namba kwa patasi, wakaitenganisha, wakaipandisha vipande vipande kwa kamba na kapi, na kule juu wakaunganisha tena namba kwa namba. Niliposikia hayo mara ya kwanza sikuamini, nikaenda kutafuta. Namba zipo. Ukipitisha kidole kwenye vumbi utazikuta, zimechongwa kwa haraka na mtu aliyekuwa na hofu kwamba kipande cha kushoto kitawekwa kulia. Nilimpenda mtu huyo. Alikuwa na wasiwasi kama mimi, ila yeye alijua pa kuuweka.

Wangu sikujua pa kuuweka. Nilikuwa narudi nyumbani nikiwa nimehesabu uzito wa paa, ninapika, ninahesabu tena. Mama akipiga simu kutoka Singida na kuuliza kama naenda kanisani, nilimjibu kwa ukweli kabisa kwamba niko kanisani kila siku. Alifurahi sana. Sikumwambia kwamba ninachoangalia humo ni dari. Imani niliiacha chuoni, si kwa ugomvi, bali kwa kuuliza "umejuaje?" mara nyingi mpaka hakuna aliyetaka kunijibu.

Kazi ninayotaka kuwasimulia ndiyo ya mwisho niliyoisimamia. Ilikuwa kanisa la Lozells, la matofali mekundu, kubwa kuliko mtaa wake, katikati ya safu za nyumba zilizoshikana na maduka ya mboga. Liliwahi kufungwa kwa muda mrefu. Waliolichukua walikuwa watu wetu: Wakenya wengi, Wakongo kiasi, na Watanzania wachache waliokaa nyuma. Kabla ya hapo walikuwa wakisali kwenye ukumbi wa kukodi kule Castle Vale, na kila Jumapili walipanga viti na kuvipangua. Sasa walikuwa na jengo lao, na paa lake lilikuwa linavuja.

Mchungaji wao, Pastor Mutua, alikuwa Mkamba mrefu mwenye sauti ya chini, muuguzi wa chumba cha upasuaji katikati ya wiki. Siku ya kwanza nilimwamkia "Shikamoo." Wakenya wengi hawajaizoea. Alisita kidogo, akajibu, "Asante sana." Baadaye mtu alimfundisha, na kuanzia hapo aliitikia "Marahaba" kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Tatizo la kanisa lile lilikuwa moja, na lilikuwa baya. Mfereji wa maji ya mvua nyuma ya ukingo wa paa ulikuwa umepasuka miaka mingi, na maji yalikuwa yakinywewa na ukuta kimya kimya. Mguu wa kenchi moja, yaani ncha ya boriti yake ya chini inayokaa ndani ya ukuta, ulikuwa umegeuka unga wa kahawia. Nilichoma kile chuma cha Desmond kikaingia hadi kwenye mpini. Yeye akagonga, na sauti ikatoka butu. Paa pale lilikuwa limesimama kwa mazoea.

Ilibidi tuinue kenchi ile kwa jeki, uzito wake ushikwe na nguzo za chuma kutoka chini, tukate ncha iliyooza, tuunge mbao mpya kwa vibao vya chuma na bolti, kisha tuishushe juu ya jiwe jipya. Ni kazi ya siku moja ikienda vizuri. Hatari ilikuwa kwenye ukuta. Ukitoa ncha ya boriti unaacha tundu, na matofali yaliyo juu ya tundu hilo yalikuwa yamelegea kwa maji. Na upande wa pili wa ukuta, chini kabisa, palikuwa na ukumbi mdogo ulioegemea kanisa, wenye paa jepesi la vigae vyembamba vya mawe. Kanisa lenyewe tulikuwa tumelifunga kwa mbao, hakuna anayeingia. Ukumbi ule tuliwaachia, wakawa wanasali humo. Lakini siku ya kuinua, ukumbi nao ulitakiwa uwe mtupu.

Ofisi ilitaka kupeleka notisi ya Kiingereza. Nikasema niachieni, ni watu wangu, nitawaambia kwa lugha yao. Nikamtumia Pastor Mutua ujumbe. Nauweka hapa wote, kwa sababu kila neno lina kazi yake: "Shikamoo Pastor. Jumatano tunainua ile kenchi iliyo juu ya ukumbi wenu. Ni kazi nzito na ina hatari. Tunaomba mjipange kwa siku hiyo."

Sisi Watanzania hatumwambii mchungaji ondoka. Tunamwomba ajipange, na yeye anaelewa. Nilikuwa na hakika nimesema waziwazi.

Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, kukiwa na kelele za hospitali nyuma yake: "Dada Injinia, tumepokea. Usiwe na shaka. Jumatano tutafunga kanisa zima, asubuhi hadi jioni."

Nilimwambia Desmond kwamba watafunga jengo lote siku nzima. Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia Kiswahili ndicho kitu pekee kwenye kazi hii ambacho sihitaji kukipima.

Jumatano ilikuja na manyunyu. Nilifika mapema, nikapanda jukwaa la mabomba tulilolijenga hadi paani, nikakagua nguzo, nikashuka, nikapanda tena kwa sababu sikukumbuka kama niliangalia kabari za upande wa kaskazini. Nilikuwa nimeziangalia. Desmond alizunguka nyuma, kwenye kichochoro cha mapipa ya taka, akatikisa kitasa cha mlango wa ukumbi. Ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Aliporudi akaniambia hakuna mtu, mlango umefungwa. Nikasema, si nilikwambia.

Kuinua kenchi hakuonekani kwa macho. Unapiga jeki taratibu, unasimama, unasikiliza, unapiga tena. Mbao hulalamika kidogo, kisha hunyamaza. Dalili kwamba uzito umeondoka ukutani ni mstari mwembamba wa mwanga unaojitokeza chini ya boriti, mwembamba kama karatasi. Ulipotokea, mikono yangu ilikuwa imelowa ndani ya glavu. Tukafunga nguzo. Desmond akakata ncha iliyooza kwa msumeno, akaitoa vipande vipande, na pale ilipokuwa pakabaki tundu jeusi la ukubwa wa mlango wa oveni. Juu ya tundu, matofali yalikuwa yameshikwa na kabari zetu za mbao na tabia yao njema.

Hapo ndipo niliposikia kitu. Mvumo wa chini, kama nyuki ndani ya ukuta. Miezi ile sikio langu lilikuwa limeanza kunitania, linavuma bila sababu kisha linaacha, kwa hiyo sikuliamini. Nikafumba macho, nikageuza kichwa upande wa pili. Mvumo ukawa palepale, ukitoka kwenye tundu. Nikamshika Desmond bega, nikamwomba avue vikinga masikio vyake.

"Unasikia nini?"

Akasogeza uso kwenye tundu.

"Siyo mvua, Profesa," akasema. "Huko chini kuna watu."

Nikasikia na mimi, sasa kwa sikio zima. Watu wengi wakiomba kwa pamoja, kila mmoja maneno yake, sauti juu ya sauti. Na katikati, sauti ya chini ya Pastor Mutua: "Baba, tunafunga mbele zako." Nadhani nilielewa hapohapo, kabla sijafika kwenye ngazi. Watu wa hesabu husema neno lenye maana mbili ni neno lisilo na maana. Kufunga mlango na kufunga chakula. Walikuwa wamefika baada ya Desmond kutikisa kitasa, wakafunga kwa maana zote mbili, wakajifungia ndani kwa sababu ya wezi wa kichochoroni, na walikuwa wamepiga magoti chini ya tundu langu.

Sikumwacha Desmond apige kelele. Mtu akishtuka hukimbilia upande wowote, na baadhi ya pande zilikuwa mbaya. Nilimwomba abaki na mkono kwenye zile kabari, asikate, asigonge, ikiwezekana asipumue. Nikashuka ngazi zote, nikazunguka hadi kichochoroni, nikagonga mlango.

Sauti ya mama mmoja ikajibu kutoka ndani. Nilimjua: Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, mzee wa kanisa, aliyekuwa akikaa mlangoni kila ibada na hakuna aliyempita bila kusalimiwa.

"Iko nani?"

"Ni mimi mama, Injinia. Fungua."

"Tumefunga, mutoto yangu."

"Najua mmefunga. Naomba mfungue."

"Hapana. Tutafungua magaribi. Saa haiyafika."

Kwa mtu aliyefunga, kufungua ni kula. Alidhani nimekuja kuwashawishi waache mfungo kabla ya wakati, na nadhani alishaamua kwamba ni Shetani aliyenituma. Nilikuwa nimeegemeza paji la uso kwenye mbao za mlango ule.

"Mama," nikasema, "mlango. Nakuomba ufungue mlango. Chakula hapana."

Ufunguo ukazunguka.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Akina mama wenye vitambaa vyeupe, vijana waliokuwa wameomba ruhusa kazini, wauguzi waliotoka zamu ya usiku na bado walikuwa na sare chini ya makoti. Nikaangalia dari la ukumbi. Hakikuonekana chochote, na ndiyo maana nilizidi kuogopa. Pastor Mutua alinijia kwa tabasamu, kama mwenyeji.

"Karibu, dada Injinia. Tunaiombea hiyo kenchi yenu. Ulisema tujipange."

"Nilimaanisha msiwepo, Pastor."

Tabasamu lake lilibaki usoni muda kidogo baada ya yeye mwenyewe kuondoka ndani yake. Nikamweleza kwa sauti ya chini: boriti imekatwa, ukuta una tundu, matofali yamelegea, yako juu yenu. Watoke sasa, taratibu, wakipita upande wa mbali na ukuta. Aliangalia juu, akaangalia watu wake. Naweza kusema mengi juu ya makanisa, lakini pale sikuona ukaidi usoni mwake, niliona mtu aliyebanwa. Alikuwa amewaambia watu hawa wasile, waje waombe ili paa lisimame. Akiwatoa mbio katikati ya maombi, atakuwa amewaambia nini?

Akanong'ona, "Tukimaliza sehemu hii ya maombi..."

Hoja za kubishana na maombi ninazo nyingi, na hakuna hata moja iliyofaa. Nikamuuliza, "Pastor, mgonjwa akiwa kwenye meza ya upasuaji, ndugu zake wanaomba wakiwa wapi?"

Akaniangalia.

"Nje," akasema.

Akageuka, akawaambia watu wake kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba maombi yataendelea nje, waanze waliokaa nyuma, wazee washikwe mikono, kila mtu apite upande wa madirisha. Hakusema kwa nini. Wakatoka wakiomba, bila kukatisha sentensi. Mama Furaha alitoka wa mwisho, polepole, kwa magoti yake mabovu, na mimi nikiwa nyuma yake nikiangalia juu, nikijizuia nisimsukume.

Walisimama kichochoroni, mvua ikiwanyeshea. Mwenye duka la mboga pale kona, ambaye hutoka kwenda msikitini kila adhuhuri, alikuja na sinia la chai ya maziwa. Wakamshukuru na kukataa. Aliwatazama mara moja tu, akauliza kwa Kiingereza, "Mmefunga?" Wakaitikia. Akarudisha sinia bila kuuliza zaidi, akaja na turubai kubwa la kufunikia viazi, wakasaidiana kulifunga kwenye uzio. Mtu asiyejua Kiswahili hata neno moja alikuwa amewaelewa kwa kuwaona tu. Nikapanda ngazi nikiwa na jambo hilo mgongoni.

Desmond alikuwa palepale nilipomwacha, mkono kwenye kabari, kama sanamu ya mtu anayezuia mlango. Akauliza kama wametoka. Nikasema wametoka. Akasema vizuri, kwa sababu bega lake lilikuwa limeacha kuwa lake. Tukaendelea. Mbao mpya ikaingia, vibao vya chuma vikafungwa, nikakaza nati zote na yeye akazikagua, akakaza yeye na mimi nikakagua. Jiwe likalala kwenye chokaa. Jioni ilipokaribia tukaanza kushusha jeki, kidogo, tunasikiliza, kidogo tena. Boriti iligusa jiwe kwa mlio mfupi, kama mtu mzima anayeketi.

Tukangoja. Hakikuanguka kitu. Hata vumbi.

Hilo limenisumbua kuliko kama ukuta ungeporomoka. Chini kichochoroni wanasema ni maombi. Mimi nasema ni kabari. Hakuna hata mmoja kati yetu anayeweza kurudisha Jumatano ile na kuijaribu bila kimojawapo. Pengine wangebaki ndani na kutoka salama, na mimi ningeendelea kuamini kwamba niliwaambia waondoke.

Tuliposhuka, walikuwa wanafungua kweli, chini ya turubai, kwa uji wa moto na mandazi. Pastor Mutua alinipa kikombe. Akasema kwamba kwao mtu akiambiwa kuna kazi ya hatari na ajipange, hujipanga hivyo. Nikamwambia kwetu hujipanga kwa kukaa mbali. Akacheka, halafu akaacha, kwa sababu wote wawili tulikuwa tunaangalia idadi ya vikombe.

Mama Furaha alikuwa ameketi kwenye kreti la duka. Aliniita kwa kidole.

"Limekaa?"

"Limekaa, mama."

"Litadumu?"

Nikaanza kumweleza: uzito wa paa, upana wa jiwe, nguvu ya mbao, na kwamba tumeweka ziada kubwa kuliko kanuni inavyotaka. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Miye sikuuliza hesabu," akasema. "Nauliza, wewe utakuja kuikala chini yake?"

Nilimwambia nitakuja. Lilikuwa jibu la haraka, la mtu anayetaka kumaliza uji. Usiku sikuweza kulala nalo. Miaka yote ile nilikuwa nimekagua mapaa, nikasaini, nikaondoka. Waliokaa chini yake ni watu wengine.

Kazi ya kanisa iliendelea: chokaa, mfereji mpya, dari. Sikuiona ikimalizika. Wiki chache baadaye, nikiwa jukwaani kwenye jengo lingine, ulimwengu uligeuka ubavu bila kunipa taarifa. Nilishika bomba, nikalikumbatia, nikatapika, na Desmond akanishusha akinishikilia mkanda wa usalama, huku akinisemesha habari za mpira ili nisifikirie chini. Daktari alinipima, akaeleza, nikabisha. Mengine nimeshawaambia. Ukaguzi wa mwisho wa kenchi ile ulifanywa na kijana mwingine wa ofisi. Alisaini kwamba iko sawa. Nilimuuliza maswali mpaka akaacha kupokea simu zangu, na ninamwomba radhi kama anasoma haya, ingawa bado ningependa kujua aliitazama wapi.

Jumapili ya kufungua kanisa nilikwenda. Desmond alikataa, akisema yeye huingia kanisani kwa malipo au kwa jeneza. Jengo lilikuwa limejaa. Watoto waliozaliwa hapa walikuwa wakiulizwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Nilihesabu kenchi kutoka mlangoni mpaka nikaipata ile, nikafuata mstari wake kwa macho hadi kwenye ukuta, nikashuka nao mpaka kwenye kiti. Mama Furaha alikuwa ameshakikalia kile cha pembeni yake. Mkoba wake ulikuwa juu ya changu. Akauondoa.

Nikaketi, nikaangalia juu. Kutoka chini huoni nati, huoni jiwe, huoni kitu cha kupima. Unaona mbao nyeusi na, mwishoni mwake, kipande kipya chenye rangi nyepesi. Sikuwa na chuma cha kuchomea wala sindano, na hata ningekuwa navyo, nisingeweza tena kupanda. Nilikuwa kama wote waliomo humo.

Pastor Mutua akasema tuombe. Vichwa vikainama safu kwa safu. Changu hakikuinama, sikuweza kuondoa macho pale. Mama Furaha akanitazama, akafuata macho yangu hadi juu, akarudi kwangu.

"Iko nakaa?" akanong'ona.

"Inakaa, mama. Mpaka sasa."

Akaitikia kwa kichwa, akakishika kiganja changu kilicholowa, akakiweka kwenye goti lake bovu.

"Basi wewe angalia," akasema, "miye niombe."

Akafumba macho. Nikaangalia.